Shangazi, wananiambia nadeka na mimi naumwa kweli

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nauza chakula pale soko la Majengo hapa Dodoma. 2021 niliumwa korona mpaka nikawekewa oksijeni, nikapona, ila sijawahi kurudi kuwa yule wa zamani. Nikipiga kazi siku moja vizuri, kesho yake na keshokutwa nimelala kama gunia. Nasahau maharage nimetia chumvi au bado. Vipimo wanasema niko fiti. Wifi anasema nadeka, majirani wanasema nina ngoma, yaani ukimwi, na mume wangu juzi kasema atanipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kikoba nimeacha kwenda, naona aibu. Kuna usiku natamani nilale nisiamke."

Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na huo mstari wa mwisho maana ndo ulionishtua. Hilo usilibebe peke yako hata siku moja zaidi, leo hii mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, na likikujia kwa nguvu au ukaanza kuwaza namna ya kujidhuru usisubiri kukuche, nenda hospitali na huyo mtu akusindikize, asikuache peke yako.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Hudeki. Unachoelezea kinafanana kabisa na korona ya muda mrefu, wengi wanaiita long kovid, na jina hilo walilianzisha wagonjwa wenyewe 2020 kwasababu walikua wanaumwa na hakuna anayewaamini, kama wewe tu. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaielezea rasmi: dalili zipo miezi 3 tangu mtu aanze kuumwa, zimedumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozielezea. Uchovu, pumzi kukata, kusahausahau, vyote vimo. Kipimo kimoja cha kuionyesha hakipo, ndo maana mtu anapigwa eksirei anapimwa damu anaambiwa uko fiti huku ngazi tu zinamshinda.

Na hapa kwetu kuna la ziada. Kipindi kile ugonjwa wenyewe tulikua tunauita changamoto ya upumuaji, takwimu zikaacha kutolewa zaidi ya mwaka mzima, watu wakazika ndugu zao bila kutaja kilichowaua. Sasa ugonjwa tulioogopa hata kuutaja, leo mtu akisema bado unanitesa ataeleweka na nani? Simtetei wifi yako, ila ujue hilo halikuanza na wewe.

La ngoma. Kama hujapima nenda kapime, pamoja na TB, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa ajili ya matibabu yako na sio kwa ajili ya majirani. Tena wenye virusi wapo hapohapo sokoni wanakunywa dawa na wanapiga kazi zao, kwahiyo hata hilo lisikuinamishe kichwa.

Mirembe sasa. Hapa Dodoma hilo jina limegeuzwa tusi na inaniuma sana, maana ile ni hospitali kama nyingine, watu wanatibiwa wanarudi kwao. Mumeo kalitumia vibaya, lakini msaada wa moyo unauhitaji kweli. Ugonjwa uko mwilini, na huzuni uliyonayo nayo ni ya kweli, ukitibiwa huzuni haina maana umekubali kwamba mengine unajifanyisha. Hospitali ya rufaa ya mkoa nayo waulizie kliniki ya afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Na uende na mumeo, amsikie daktari mwenyewe, maana mwanaume anayemwona mkewe jumatatu anapika sufuria tatu halafu jumatano hawezi kuinuka anachanganyikiwa, yaani hajui kwamba huo uchovu huwa unakuja umechelewa.

Ndo maana nakwambia acha kuigiza uzima. Ile siku unayojisikia vizuri ukataka kulipiza kazi zote za wiki, ndo inayokuangusha. Kata kitunguu umekaa kwenye kigoda, ndoo za maji mpe kijana abebe umlipe kidogo, pumzika kabla hujachoka. Chumvi andika kwenye karatasi ubandike ukutani, ukishatia unaweka tiki. Najua biashara itapungua na kodi ya nyumba haikungoji, ila siku tatu kitandani zinakula hela zaidi. Na hela ya dawa za kusafisha mapafu za mtaani acha kutoa, dawa ya kuimaliza hii haijapatikana, japo wengi wanapata nafuu taratibu.

Kikoba rudi. Mtafute mwenyekiti pembeni, mwambie niliumwa korona na haijaniachia, nikichoka naomba nisidhaniwe vibaya. Hayo tu, wengine huna haja ya kuwaeleza.

Ukifika kwa daktari mwambie pia kama moyo unaenda mbio ukisimama, hukuniandikia hilo na wengi wanasahau kulisema. Halafu niandikie kakwambiaje.