Kazi ya uwandani mjini: anza na mtaa mmoja, halafu urudi

Mkuu, unasema nadharia za miji unazo zote kichwani, lakini ukitoka nje na daftari unaona majengo na wapita njia basi, hujui uanzie wapi. Jambo hilo lilinitesa muhula mzima, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia dodoso. Niliandaa maswali thelathini, nikaingia mtaani siku za kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita, nikarudi na karatasi zimejaa, roho imeridhika. Ripoti yangu ikasema mtaa ule ni wa wazee na wenye maduka. Mwalimu akaisoma yote, akauliza swali moja tu: "Saa nne asubuhi wengine walikuwa wapi?" Walikuwa kazini, shuleni, njiani. Nilichopima ni nani anashinda mtaani asubuhi, si nani anaishi pale. Niliporudi saa kumi na mbili jioni nilikuta vijana, watoto, wapangaji wanaoingia na mifuko, watu ambao katika ripoti yangu hawakuwepo kabisa.

Ndiyo maana nakuambia uchague eneo dogo, mtaa unaoweza kuumaliza kwa miguu kwa dakika kumi, na kabla hujamuuliza mtu chochote uende saa tofauti, siku ya kazi na ya mapumziko. Simama mahali pale pale, hesabu wapita njia kwa robo saa, weka vijiti vitano vitano. Ukibadilisha mahali au muda, hesabu zako hazilinganishiki tena. Andika na hali ya hewa. Mimi nilihangaika siku mbili kueleza kwa nini upande mmoja wa barabara ulijaa watu na wa pili mtupu. Nikaanza kufuatilia kodi za fremu, nikachora hadi vituo vya basi. Nilipokwenda kuhesabu asubuhi nikakuta umati umehamia ng'ambo. Watu walikuwa wanafuata kivuli.

Kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, usilipake jengo zima rangi moja. Chini duka, juu ofisi, juu zaidi nguo zimeanikwa: hayo ni matumizi matatu, na ramani inayoonyesha biashara peke yake inafuta familia zinazolala pale. Inua macho kila mlango.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niipende taaluma hii ya kuchunguza miji. Karibu na kitovu cha mji kulikuwa na nyumba moja kubwa ya zamani, ngazi pana, milango mirefu, imejengwa kwa familia moja bila shaka. Ukutani pale mlangoni nikahesabu mita za umeme: nane. Nyingine zilikuwa mpya, na waya zake zimepitishwa juu ya nakshi za dari. Nikafurahi mno, maana hilo nilikuwa nimelisoma. Mwaka 1925 Ernest Burgess, mwanasosholojia wa Marekani, akitumia mji wa Chicago, aliuchora mji kama miduara inayozunguka kitovu, na unaofuata kitovu akauita ukanda wa mpito: wenye uwezo wanahamia pembezoni, majumba yao yanagawanywa vyumba vya kupangisha, na wageni wa mji wanaanzia humo. Nikaandika kwamba nimeuona ukanda wa mpito kwa macho yangu.

Bahati nzuri nilirudi. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akaniambia, "Mwanangu, humu hakuna mpangaji hata mmoja. Hii nyumba ya baba yetu, tumerithi, kila mmoja kachukua kipande chake." Mita nane, ndugu wanane. Kwa nje ni picha ile ile ya Burgess; chanzo chake kingine kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba umbo la mji haliwezi kukueleza sababu yake peke yake, na kwamba nadharia inakusaidia kujua uulize nini, si kukupa jibu kabla hujauliza.

Mfano mkubwa wa hili ni daktari John Snow, London, mwaka 1854. Wengi wanamkumbuka kwa ramani ya vifo vya kipindupindu vilivyozunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, ambayo mpini wake uling'olewa Septemba 8. Mimi navutiwa zaidi na jinsi alivyowafuatilia wasioingia kwenye ramani hiyo. Kiwanda cha bia kilikuwa jirani na pampu, na wafanyakazi wake walinusurika: walikuwa na kisima chao, na walikunywa bia. Mjane mmoja alifariki mbali, Hampstead, na ilibainika kwamba alikuwa akiletewa maji ya pampu ile ile kwa kuwa aliyapenda. Hayo huyapati kwa kutazama nukta. Ni lazima ugonge milango.

Ukigonga, jitambulishe kwanza, sema majibu yatatumika wapi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na watoto uwaache kabisa. Mtu akikataa, mshukuru, uendelee.

Na dodoso lisikutoke moyoni, ila lipunguze. Maswali yangu thelathini yalibaki manne: umetoka wapi sasa hivi, unaelekea wapi, kwa wiki unapita hapa mara ngapi, na ni sehemu gani ya mtaa huu unaikwepa. Matatu ya kwanza watu waliyajibu wakitembea. La nne liliwafanya wasimame, wageuke, wanyooshe kidole, na mara nyingi nilijaza upande wa pili wa karatasi.