Jibu: Ile filamu ya wachekeshaji kwenye basi, ni stendi-apu (mchekeshaji anasimama peke yake jukwaani) tupu?

Mkuu, umeuliza kama ile filamu ya mwigizaji wa Hollywood Vince Vaughn, Wild West Comedy Show, ni shoo iliyorekodiwa au ni dokumentari. Ni dokumentari. Ukiingia ukitegemea vichekesho mwanzo mwisho utaona wamekubania, maana mengi yanatokea ndani ya basi na nyuma ya jukwaa.

Septemba 2005 Vaughn aliwapakia kwenye basi wachekeshaji wanne, Ahmed Ahmed, John Caparulo, Bret Ernst na Sebastian Maniscalco, wakapiga shoo 30 ndani ya siku 30, kuanzia Hollywood hadi Chicago. Wakati huo hawakuwa na majina. Maniscalco alikuwa bado mhudumu wa hoteli, anabeba sinia za wateja Beverly Hills! Huyohuyo baadaye akaja kujaza Madison Square Garden, ukumbi mkubwa wa New York. Ndiyo maana mimi naona filamu inanoga zaidi ukiitazama leo.

Ahmed ni mzaliwa wa Misri aliyekulia California. Anageuza kichekesho jinsi jina lake linavyomponza viwanja vya ndege, na hapo ni miaka minne tu tangu mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani. Halafu kimbunga Katrina kilikuwa kimetoka kupiga, wakaenda kuwaona waliokimbia makazi yao. Kipande hicho usikiruke.

Vaughn mwenyewe anajipa nafasi kubwa mno kwa ladha yangu. Nyota wa sinema hakosi kujipenyeza. Na kama una watoto sebuleni, subiri walale, matusi yapo ya kutosha.