Wanatuita mumiani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi binti wa miaka 24 nakaa Mbagala, nimemaliza chuo mwaka jana nikapata kazi ya muda kwenye mradi wa utafiti wa malaria, tunaenda vijijini huko Morogoro kuchukua sampuli za damu. Kijiji cha tatu wametukimbia kabisa, wamama wanafungia watoto ndani wanasema sisi mumiani, damu inaenda kuuzwa. Bosi anataka sampuli zitimie mwezi huu, anasema tuwaongezee sabuni na elfu kumi watakubali tu. Roho inanisuta anti.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hiyo roho usiinyamazishe. Wewe ukitolewa damu hospitali hapa Dar halafu majibu hupewi, si utauliza imeenda wapi? Ndo swali la hao wamama, ila wao wameliita mumiani, neno ambalo bibi zetu walikuwa nalo tangu enzi za mkoloni, kwahiyo msiwacheke hata kidogo.

Tena hofu yenyewe ina sababu. Kule Marekani, Arizona, kuna kabila la Wahavasupai wanaishi chini kabisa kwenye bonde la Grand Canyon, miaka ya 90 mwanzoni walitoa damu wakijua ni utafiti wa kisukari maana kisukari kilikuwa kinawatesa sana, baadae wakaja kugundua damu ileile imetumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili) na asili ya kabila lao, mambo ambayo wao wanasema hawakuambiwa. Wakaenda mahakamani, 2010 wakalipwa dola 700,000 na damu yao wakarudishiwa. Hao wana mawakili, mama wa kijijini ana nini zaidi ya kufunga mlango?

Sabuni na elfu kumi acheni. Kumlipa mtu nauli na muda wake ni haki, ila ukipandisha dau kwa vile amekataa ushamnunua. Na mlipoomba kibali cha maadili NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) mliandika mtawapa nini, hamuwezi kujiongezea njiani.

Rudini bila sindano. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji lazima muwaone, lakini ndiyo ya mwenyekiti sio ndiyo ya mama. Kaeni nao, waambieni mnachukua kiasi gani (mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai), inapimwa wapi, kama inavuka mpaka, inatupwa lini. Asiyejua kusoma awe na shahidi wake asiye wa mradi ndo aweke dole gumba, na ajue anaweza kujitoa siku yoyote. Na nyie mjifunze maneno yao, maana kuna mama ukimuuliza mtoto aliumwa malaria atakwambia hapana, kumbe wiki iliyopita mtoto alishikwa na degedege lililoletwa na malaria, ila kwake hayo ni magonjwa mawili tofauti na degedege kalipeleka kwa mganga, hapo fomu yako imeshadanganya na hakuna aliyesema uongo.

Sasa niulize na mimi: vile vijiji viwili vya kwanza mliahidi mrejesho, mmeshaupeleka? Kama bado anzeni huko, bosi asubiri, maana hao wa kijiji cha tatu wana ndugu zao kule na habari zenu ziliwafikia kabla ya gari.