"Dakika tano kutoka mwendokasi": maswali yenu na majibu yangu

Meseji zimejaa kuhusu kupanga na kujenga karibu na vituo vya mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye njia yao peke yao, na nusu yake zinauliza kitu kilekile, nimechagua chache.

Dalali anasema nyumba ya Kimara iko dakika tano kutoka kituoni. Niichukue?

Jamani hili nimelijibu mpaka nimechoka. Dakika tano za dalali ni za bodaboda. Kimara ni milima na makorongo, kwenye ramani unaona ni hapo tu, ukiteremka unakutana na ukuta wa mtu, unazunguka. Nenda kwa mguu saa moja usiku, siku ya mvua ndo nzuri zaidi, uone kama kuna taa na kama mama mwenye mtoto mgongoni anapita bila kuteleza. Kama ni boda kwenda na kurudi, hiyo hela ijumlishe kwenye kodi ya mwezi halafu ulinganishe na chumba cha bei juu kidogo kilicho karibu kweli. Na angalia mkataba kabla hujatoa ya miezi sita, kila wiki mtu analia hapo.

Nina kiwanja Magomeni. Fundi anashauri chini yote iwe paking, juu apatimenti. Sawa?

Fundi wako anajenga kwa ajili ya magari. Gari moja likisimama linakula mita za mraba 12 na nusu, ukiweka na nafasi ya kugeuzia inafika 25 hivi, yaani vyumba viwili vya wapangaji vimeondoka. Na anayetafuta chumba Magomeni kwa sababu ya mwendokasi mara nyingi hana gari, au analo la kwendea harusini. Chini weka frem zinazoangalia barabara, duka la dawa, saluni, mama wa chapati, watu wawepo mpaka usiku ili dada anayeshuka kwenye basi saa tatu asipite gizani peke yake, juu weka vyumba vidogovidogo vya bei inayolipika, sio sebule za kifalme. Paking chache zinatosha. Manispaa wakati wa kibali watakuuliza habari za paking, kaongee nao kabla mchoro haujakamilika. Ukitaka kuuza nyumba mojamoja, sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ipo tangu 2008, tafuta mwanasheria. Ila kaka, hujaniuliza lakini nakwambia, fensi yako isimeze kichochoro.

Jirani kafunga kichochoro tulichokuwa tunapita kwenda kituoni. Tufanyeje?

Hapa ndo penyewe. Anzeni kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa, muombe kuuona mchoro wa mipango miji. Kama njia imo, jirani hana ubavu, hiyo ni ya umma na manispaa wanaweza kumwamuru aifungue. Kama mtaa haujapimwa kazi ipo, mtakaa kikao mkubaliane, na muandike, maneno matupu yanaisha siku nyumba ikiuzwa. Urasimishaji ukija, yaani mkipimiwa na kumilikishwa viwanja, msikimbilie kuhesabu mita za kiwanja tu, kila mtu anabana futi yake mbili halafu siku ya moto mnashangaa gari la zimamoto haliingii. Mimi hili linaniudhi kuliko foleni. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ina kilomita kama 21, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba watu 2016, jiji likapewa mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, halafu tofali mia mbili za mtu mmoja zinapandisha mtaa mzima kwenye boda.

Magorofa yakijaa karibu na vituo si foleni itazidi?

Foleni inaletwa na magari, sio watu. Mliosukumwa mkajenge mbali huko Chanika ndo mnaonunua magari.

Kodi zikipanda sisi wapangaji si tutafukuzwa?

Mna haki ya kuogopa, kituo kikifika mwenye nyumba hapati usingizi, anawaza kupandisha kodi. Magomeni Kota zile nyumba za zamani zilibomolewa, yakasimama magorofa ya kaya 644, yakazinduliwa Machi 2022 na wakazi wa zamani wakapewa nafasi ya kurudi, kwa hiyo inawezekana. Lakini wale walikuwa wapangaji wa serikali na majina yao yalijulikana. Wewe wa Manzese unayelipa kwa mama mwenye nyumba bila karatasi, nani atakukumbuka? Andikishaneni mkataba, hasa nyie wa Mbagala na Gongo la Mboto, maana njia za mwendokasi zimeelekezwa huko.

Kuna kiwanja Jangwani bei chee, vituo viko hapohapo.

Usinunue. Mvua ikikaza hata mabasi hayapiti pale.

Mwendokasi utafika lini Bunju?

Mimi sio DART, wale wanaosimamia mwendokasi.

Baiskeli niiache wapi nikipanda basi?

Swali zuri na limeulizwa na mtu mmoja tu. Njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro ilijengwa, ila jaribu kupita uone, boda wamepaki, meza ya machinga, na gari la bosi anayesema "nachukua dakika mbili tu". Bogotá kule Kolombia, wana mabasi kama haya, baadhi ya vituo vyao vina sehemu ya kufungia baiskeli, paa na mlinzi, sisi hata mita chache pale Kimara zingesaidia. Kwa sasa elewana na mwenye duka karibu na kituo, umpe kidogo kwa wiki, na mnyororo upitishe kwenye fremu, sio tairi la mbele peke yake, maana utarudi jioni ukute tairi tu.