Anti, uvimbe hauumi, si nisubiri kwanza?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nina miaka 34, naishi Kahama, watoto watatu, wa mwisho nimemwachisha ziwa mwaka jana. Siku naoga nikajipaka sabuni nikagusa kitu kigumu ziwa la kushoto, juu kuelekea kwapani. Hakiumi hata nikibonyeza. Huu mwezi wa tatu kipo vilevile. Mama mkwe anasema ni maziwa yameganda nikande na maji ya moto, dada yangu ndo kabisa, ananiambia nisithubutu kwenda hospitali maana wakikuchoma sindano tu ugonjwa unasambaa, mtaani kwao kuna mama ilimtokea hivo. Sasa kwa vile hakiumi si nisubiri kwanza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri, nenda wiki hii hii, alafu ndo urudi kumalizia kusoma.

Hiyo ya kutouma ndo inawaponza wengi. Tumezoea kitu kisichouma si ugonjwa, lakini saratani ya matiti mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, mtu anafua, analima, anabeba ndoo, na uvimbe upo. Sijasema wewe una saratani. Vivimbe vingi vya matiti kwa wanawake wa umri wako si saratani, vingine ni mifuko ya maji tu, vingine ni vile vinavyoteleza ukivigusa. Ila kwa kidole huwezi kujua, hata mimi siwezi, na daktari mwenyewe hawezi kuapa kwa kidole.

Mama mkwe hajakosea sana, maziwa kuganda kupo. Lakini kunampata anayenyonyesha, na ziwa linauma, linakua jekundu na la moto, homa juu, na likitibiwa siku chache tu limeisha. We umeachisha mwaka jana na hakiumi, kwaiyo hizo kanda za maji ya moto ziache.

Sasa la dada yako, maana hili linaua watu jamani. Sindano ya kuchukua kinyama cha kwenda kupimwa haiamshi saratani wala haiisambazi. Huyo mama wa mtaani inawezekana kabisa alianza kwa kukanda, akaenda kwa mtu wa dawa za majani akapakwa unga, mwaka ukapita, ziwa likatoa kidonda, ndo akapelekwa hospitali ugonjwa ushafika kwenye mapafu au mifupa. Akachomwa sindano, baada ya miezi akafariki, mtaa mzima ukaandika kwamba sindano ndo imemuua. Ule mwaka wa kukanda hakuna anayeuhesabu.

Shirika la Afya Duniani wanataka toka mtu afike kituoni na dalili mpaka ijulikane ana nini zisizidi siku 60. We peke yako nyumbani ushatumia kama 90.

Anzia hospitali ya karibu na wewe, sema wazi kabisa "nina uvimbe kwenye ziwa una miezi mitatu", usianze na kichwa na mgongo ukaishia kupewa panadol. Kwa umri wako watakuanzia na altrasaundi, maana ziwa la mwanamke ambaye bado ni kijana nyama yake ya ndani imeshikana, mamografia, yaani ile eksirei ya matiti, haioni vizuri ndani yake. Wakiona haja watachukua kinyama, na ikibidi utaandikiwa rufaa, kwa huko kwenu Bugando Mwanza ndo penye matibabu ya saratani, sio lazima ufike Ocean Road Dar. Na kama unaogopa kukatwa ziwa, ndo sababu ya kuwahi, uvimbe mdogo kuna wakati unatolewa wenyewe ziwa likabaki ukamaliziwa na mionzi.

SWALI: Anti mi nimesoma kuna utafiti ulisema kujipima matiti hakusaidii kitu, mbona nyie kila Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, mnatusumbua?

JIBU: Umesoma vizuri na utafiti upo. Ulifanyika Shanghai, China, kwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo, majibu yakatoka 2002. Waliofundishwa kujipima na wasiofundishwa walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiasi kilekile, na waliofundishwa wakaishia kufanyiwa vipimo vya vivimbe vingi ambavyo havikua na shida. Kwaiyo sikuambii ujikague kila asubuhi ukose usingizi.

Lakini wale walikua na pa kutibiwa kupitia kiwandani. Huku kwetu mamografia haipo kila wilaya, na wengi wanafika hospitali wamechelewa sana. Jua tu ziwa lako la kawaida likoje, lipi kubwa kuliko lenzake, ili likibadilika ushtuke, na ukienda kliniki kwa jambo lolote muombe nesi akukague, dakika chache tu. Kujigusa alafu ukakaa kimya hapo kweli hakusaidii kitu.

SWALI: Mimi nina miaka 58, siku zangu zilishakoma. Mnasema tujipime baada ya hedhi, sisi wazee tufanyeje?

JIBU: Wanaopata siku zao tunawaambia wasubiri siku chache baada ya kumaliza kwa sababu kabla ya hapo matiti yanajaa na kuuma, yanadanganya. Wewe mama yangu huna hiyo shida, chagua tarehe moja ya mwezi, hata ile ya kikao cha vikoba.

Simama mbele ya kioo kifua wazi, mikono chini, kisha juu. Angalia ngozi iliyobonyea au iliyokua kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikua hivo, au upele wa chuchu usiopona. Alafu lala chali, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, tumia vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kulia, ile sehemu ya nyama sio kucha, zungusha kidogo kidogo, kwanza taratibu alafu bonyeza zaidi, toka kwenye mtulinga mpaka chini ya ziwa na kwapa usiliruke. Ukimaliza geuza upande. Chuchu ikitoa damu yenyewe bila kukamuliwa, hospitali.

Na usijione umevuka, hatari inapanda na umri. Kwenu mamografia inaona vizuri zaidi kuliko kwa mabinti, ukipata nafasi ifanye. Mzee nyumbani naye mwambie, wanaume pia inawapata, wachache lakini inawapata, na wao ndo wanachelewa kuliko sisi.