Kushua boti mto Pangani: kwa wanaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya boti hapa Pangani, kabla ya kushua, yaani kukiingiza chombo majini, chombo hutayarishwa nchi kavu. Mafuta, kamba, maboya ya kuvaa, makasia ya akiba, ndoo ya kutolea maji botini, vyote vipangwe juu, pembeni. Ukianza kufunga mashine katikati ya mteremko wa kushulia boti unawazibia njia wavuvi, na wakipwelewa, yaani maji yakiwakimbia, kwa sababu yako, siku yao imeharibika.

Kubwa kuliko yote ni kuyajua maji. Mto huu unateremka kutoka Kilimanjaro na Meru, na bahari huupandia mara mbili kwa siku. Maji yakikaribia kujaa mkondo hulegea, na huo ndio wakati wa kushua. Yakianza kutoka, maji ya mto na ya kupwa huenda pamoja, na boti isiyoshikwa huchukuliwa kuelekea mlangoni mwa bahari, huku kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kinakatiza. Msikariri saa ya jana, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hutoka mbali mno. Ukirudisha trela nyuma bila kupima, magurudumu yanapita mwisho wa zege na kudumbukia topeni. Masika, tazameni magogo kwanza.

Sehemu ya chini ya mteremko, inayofunikwa na maji kila siku, ina ukoga wa kijani. Ndala hazifai pale. Gari litiwe hendibreki na kabari, na asisimame mtu kati ya trela na maji, hata kwa dakika moja. Kabla ya kufungua wenchi, ile mashine ya kamba inayoshikilia boti kwenye trela, kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, iwe tayari mkononi mwa mtu aliye nchi kavu.

Sasa kizibo, kile cha kuziba tundu la kutolea maji botini. Mwaka wangu wa pili nilisahau kukifunga kile cha tezi, yaani cha nyuma ya boti. Boti ilielea vizuri, abiria sita wakapanda, tukaondoka. Kisha nikaona ndala ya mtoto inaelea sakafuni, karibu na tangi la mafuta. Niligeuza, nikaipandisha boti mchangani. Hakuna aliyeumia, lakini mama yake alivyomkumbatia yule mtoto, mpaka leo ninamwona. Tangu hapo, nikitoa kizibo nakifunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia kwenye ufunguo wa mashine. Siwezi kuwasha bila kukishika, na kila ninayemfundisha namtaka afanye hivyo hivyo.

Boti ikishaelea, msiwapakie watu kwanza. Inameni mtazame ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika; ikiwa kavu, teremsheni mashine pale propela inapopata kina, na mshika usukani ajifunge kamba ya kuzimia mashine. Abiria wapande wakiwa wameshavaa maboya. Ya kuwekwa chini ya viti hayamsaidii mtu.