Nendeni mkauone mchoro kabla bikoni za mipaka hazijapandwa

Mtaa wetu uko Dodoma, upande wa Mpunguzi, barabara ya kwenda Iringa. Nimekulia hapa kati ya mashamba ya zabibu na mibuyu, na kila Jumamosi mama alinituma gulioni nikanunue uwele, karanga na mlenda mkavu.

Uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma ni wa 1973, lakini sisi tuliuona kwa macho baada ya tangazo la Julai 2016. Madalali walianza kupita nyumba kwa nyumba. Kisha wakaja wapimaji.

Kosa langu nalijutia hadi leo. Mkutano wa mtaa wa kujadili mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha kila eneo litatumika kwa nini, uliitishwa Agosti, wakati wa mavuno ya zabibu, nami sikwenda. Wengi hawakwenda. Uwanja wa gulio ukaingizwa kwenye mchoro kama eneo la biashara, ukagawanywa viwanja, ukauzwa. Pale pale leo kuna supamaketi yenye matawi kibao mjini. Tulipoanza kulalamika, msingi ulikuwa umeshachimbwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio pembezoni mwa mji, mkisikia neno "upimaji", nendeni kwa mtendaji mkaombe kuuona mchoro. Tafuteni gulio lenu, njia ya mifugo, mti mnaokutania, kisha muulize kila kimoja kimeandikwa nini. Semeni mkutanoni, na hakikisheni mliyosema yameingia kwenye muhtasari. Awamu ya pili ya upimaji mtaani kwetu tulifanya hivyo, na mbuyu mkubwa wa karibu na shule pamoja na uwanja wake umebaki eneo la wazi. Anayeutaka kwa kazi nyingine itabidi aombe kibali cha kubadili matumizi, na siku hiyo tutakuwepo.

Mlio bado vijijini, huko Bahi au Chamwino, mna nguvu kuliko sisi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kuwa ardhi ya aina nyingine bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Msiwaachie wajumbe wachache mkutano huo.

Lakini mchoro peke yake hautoshi kuyalinda magenge yetu. Jirani yangu alikuwa na genge la nyanya, mafuta ya kupima na unga. Mwezi ukikatika tulikopa kwake, akaandika kwenye daftari. Tukishika mshahara, fedha taslimu tulizipeleka supamaketi. Mtaji wake ulikuwa mikononi mwetu, nasi tukaukalia. Kama una genge unalolipenda, lipa deni lako kwanza, kisha nunua pale hata siku ambayo mfuko umejaa. Mimi nilikwenda kulipa elfu kumi na nane zangu mwezi mmodi baada ya genge kufungwa. Mizani alikuwa ameshaiuza.